Nilale hotelini Shela na nyumba ya mama ipo?

Shikamoo shangazi.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, niliyeolewa bara, na sasa tunaishi Nakuru na watoto watatu. Likizo ya Desemba, Mungu akijalia, huwa tunateremka pwani: treni ya Nairobi hadi Miritini, Mombasa, basi hadi Mokowe, kisha boti. Watoto wameizoea safari hiyo mpaka wao ndio wanaonisumbua kuuliza tunaenda lini. Kitinda mimba anawajua punda wa mtaa wetu kuliko anavyowajua walimu wake. Kwa hiyo kwenda hakuna ubishi. Tunabishania pa kulala.

Kwetu nyumba hupewa binti. Babu alimjengea nyanya, nyanya akawaachia mama na mdogo wake, na mama alipofariki akabaki mama mdogo pale mtaani Mkomani, chumba changu cha juu kikiwa bado changu. Tukifika hatujafikia kwa mtu, tumefika kwetu. Mwaka mmoja mume wangu alimtania, "Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akajibiwa papo hapo: "Jembe mpe mgeni. Huyu ni mwenye nyumba, na wewe umemfuata."

Sasa sikiliza, shangazi. Mama mdogo ni mjane na riziki yake ni kushona kofia za vito. Kama hujawahi kuona zikishonwa, ni hivi: hukaa karibu na dirisha asubuhi mwanga ukiwa mzuri, kitambaa cheupe mapajani, akitoboa kijitundu na kukizungushia uzi, kisha kingine, kisha kingine. Kofia moja huweza kumla miezi. Sisi tukiwepo sindano hupandishwa juu ya kabati. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni tambi na mkate wa sinia, na mtoto akithubutu kutaja kamba, kesho yake kamba wako kwenye sinia. Tena hatuli peke yetu, maana ukoo mzima huja kutusalimia na hakuna anayeachwa aondoke na njaa.

Safari iliyopita, tukiwa gatini tunasubiri boti ya kurudi Mokowe, mwanawe alinivuta kando. Kofia ambayo mamake alikuwa akimshonea yeye avae siku ya harusi yake imeuzwa kwa mchuuzi, bei ya kutupa. Na bado dukani kuna deni la vyakula tulivyokula sisi. Akaniapisha nisije nikamwambia mamake kwamba najua.

Usiseme nitoe pesa, shangazi, nimetoa. Niliziacha chini ya mto, nikazikuta Nakuru zimeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto. Nilituma kwa M-Pesa, zikarudi, na juu yake akampa halua mtu aliyekuwa akija Nairobi atuletee. Nilinunua gunia la mchele, akawagawia majirani na hakunisemesha hadi baada ya alasiri.

Hata matembezi yana mtego wake. Ngome haina taabu, ipo pale pale Mkunguni, tunakwenda kwa miguu, na wanangu hawachoki kuambiwa kwamba jengo hilo lililokamilika 1821 lilikuwa jela hadi 1984. (Mkubwa anataka kila mara aoneshwe wafungwa walilala wapi.) Lakini Takwa iko ng'ambo, kisiwani Manda, na mashua hupenya mikokoni maji yakijaa tu. Mama mdogo hakubali twende bila yeye. Kwake yeye Takwa haiwi magofu ya watalii, kwani upande wa nyanya ni watu wa Shela, kijiji cha jirani, na Washela husema asili yao ni huko. Husimama mbele ya kaburi la mnara, lile lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijra, akasoma Fatiha, ndipo vyakula vifunuliwe. Katika likizo nzima sina siku niipendayo kama hiyo. Ila nilipompa nahodha pesa zake alicheka: "Mama ashalipa tangu jana."

Mume wangu amepiga hesabu zake. Anasema safari hii tupange chumba Shela, tule huko huko, halafu jioni twende Mkomani kumwamkia. Tutakuwa tumempunguzia mzigo. Sina la kumjibu, lakini yeye si mtu wa Amu. Mji hauna magari, watu wote wanapishana Ndia Kuu. Kabla mabegi hayajateremshwa botini kila baraza itakuwa na habari kwamba binti wa fulani amekwenda kupanga hoteli na nyumba ya mamake ipo. Mama mdogo ama ataona nimemkinai, ama atatambua mwanawe amesema, na hapo nitakuwa nimewagombanisha.

Kulipa deni la dukani kwa siri nako nimekufikiria. Mwenye duka namjua tangu utoto, siri haimfikishi adhuhuri.

Limebaki jambo moja. Nina rafiki Mombasa ambaye anaweza kuagiza kofia mbili kwa mama mdogo, alipe bei kamili na alipe kabla, pesa zikitoka kwangu. Malipo ya kazi ya mikono yake hatayarudisha. Akizimaliza, moja ningempa yule kijana aliyeikosa yake. Lakini mamake ataitambua kofia aliyoishona mwenyewe, kila mshonaji huijua kazi yake, na mimi sina uso wa kumdanganya aliyenilea.

Je, niagize hivyo hivyo? Au nimkalishe chini nimwambie ninayoyajua, kiapo changu kwa binamu kiende na maji? Mume wangu anataka kukata tiketi za treni, na kila jioni ananiuliza tumeamua kulala wapi.

Mwana wa Amu, Nakuru