Somo, mafuta yamefika

Reggio Emilia, Italia, Jumapili usiku

Kwa somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, umeona? Bado naikumbuka, mwalimu wetu wa darasa la tano angenipa vema. Usinicheke. Najua nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani, na sina udhuru wa maana. Simu ninayo, bando lipo. Nilichoka tu, somo. Goti la kushoto linaniuma kila nikipanda ngazi, na kibali changu cha kukaa bado kinazungushwa ofisini: leo njoo na picha, kesho njoo na stempu, keshokutwa aliyeomba stempu yuko likizo.

Sikutaka kukutumia sauti maana jambo lenyewe ni refu, na wewe una tabia ya kufungulia sauti zangu ndani ya daladala watu wote wakasikia.

Mzigo wako nimeupata kwa mkono wa Rehema. Ahsante sana. Chupa moja ya mafuta ya nyonyo ilivuja kwenye dagaa, lakini ya pili ilifika salama, na ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Jumatano asubuhi niliiweka mezani jikoni, nikawa namsubiri Nonna, huyu bibi ninayemtunza, amalize maziwa yake nimchane nywele. Nikajisemea, na yeye nimpake kidogo, nywele zimebaki tatu. Akauliza, hicho nini? Nikamwambia kwa Kitaliano chao, mafuta ya ricino, tunapaka nywele kwetu. Somo, bibi wa miaka 95, mkono unaotetemeka hata kushika kikombe, aliweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka yai. Akasema, "Toa mezani." Sikuelewa. Akasema tena, safari hii kwa lugha yao ya kijijini, ambayo huitumia akikasirika au akisali.

Nikaitoa. Nikaosha vyombo. Hatukusemezana mpaka saa sita, ndipo akaanza mwenyewe.

Sasa kumbuka swali lako, lile uliloniandikia mwaka jana nikajifanya sikuliona. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne aliyekuuliza: mwalimu, huyu Mussolini, dikteta wa Italia, alikuwa mtu mmoja, Wataliano mamilioni, kwa nini hawakumtoa? Ukasema ulimjibu kwa notisi, polisi wa siri, propaganda, chama kimoja, na yeye akakuangalia tu. Mimi wakati ule sikuwa na la kukuambia. Nilikuwa naijua Italia ya supamaketi na ya ofisi ya vibali.

Baba yake Nonna alikuwa mtu wa ushirika. Huku kwenye mabonde ya mto Po vibarua wa mashambani walikuwa wamejenga maduka yao ya ushirika, vyama vyao, kumbi zao. Wenye mashamba hawakupenda. Kuanzia 1920 na 1921 yakaanza kuja malori usiku, vijana wenye mashati meusi na marungu, wanachoma ofisi za vyama na maduka ya ushirika, polisi wanatazama pembeni. Ndio Mafashisti hao. Mkubwa wao, Mussolini, alikianzisha kikundi hicho Milano mwezi Machi 1919. Oktoba 1922 wakaelekea Roma, serikali ikataka kutangaza hali ya hatari, Mfalme akakataa kutia saini, akamwita Mussolini akamkabidhi nchi. Hilo mwambie mwanafunzi wako: hakuvunja mlango, alifunguliwa.

Basi baba mtu, 1922 hiyohiyo, siku ya soko, walimkamata uwanjani. Wawili wakamshika mikono, wa tatu akamtia faneli mdomoni, wakamnywesha mafuta ya nyonyo. Siyo kijiko kile alichokuwa akitupa bibi yako tukifunga choo. Chupa nzima. Halafu wakamwachia aende nyumbani kwa miguu, mchana kweupe, mbele ya wateja wake wa dukani, mbele ya wakwe zake. Wewe unajua nyonyo inavyofanya. Mama mtu ndiye aliyefua ile suruali, na ndiye aliyemsimulia Nonna miaka mingi baadaye, baba alipokwisha kufa. Yeye baba hakutamka neno hilo maisha yake yote. Ndani ya nyumba ile mafuta hayo hayakuingia hata kwa dawa.

Nilimuuliza, mbona hawakumpiga risasi tu? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. Akasema, aliyepigwa risasi anazikwa, watu wanamlilia, wanaweka maua. Baba yangu nani angemwekea maua?

Nimelibeba hilo tangu Jumatano.

Siyo kwamba hawakuua. Mbunge Matteotti alisimama bungeni tarehe 30 Mei 1924 akasema uchaguzi ulikuwa wa vitisho na udanganyifu. Tarehe 10 Juni wakamteka mchana kando ya mto Tiber, maiti ikapatikana Agosti. Nchi ilitikisika. Wabunge wa upinzani wakasusia bunge, wakidhani Mfalme atafanya kitu. Mfalme hakufanya kitu. Januari 1925 Mussolini akasimama palepale bungeni akasema dhamana yote anaibeba yeye, na asitokee wa kumgusa. Kufikia Novemba 1926 vyama vyote vingine vimefutwa, magazeti ya upinzani yamefungwa, na mameya wa kuchaguliwa wameanza kubadilishwa na wa kuteuliwa. Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, akakamatwa na ubunge wake mfukoni. Ikaundwa Mahakama Maalumu. Hiyo mahakama, somo, kabla ya vita na wakati wa vita iliwahukumu zaidi ya watu 4,500, lakini waliouawa kwa hukumu yake ni 31. Mwanafunzi wako akisikia 31 atasema, kumbe kidogo! Ndiyo hapo penyewe. Hawakuhitaji wengi.

Mjomba wake Nonna hakufika hata mahakamani. 1939 alilewa akaimba wimbo wa wekundu, yaani wakomunisti, kilabuni. Kamati ya mkoa ikakaa, hakuna wakili wa maana, hakuna shahidi wa kuhojiwa, akapelekwa kisiwa cha Ventotene. Walikuwa na haki ya kukupeleka hadi miaka mitano, na ikiisha wanaweza kukuongezea. Posho lira 5 kwa siku, kuitwa majina asubuhi na jioni, barua zinasomwa kabla hazijakufikia. Zaidi ya watu elfu kumi walipitia mateso hayo ya visiwani na vijiji vya mbali. Kijijini kwao waliobaki waliacha kuimba, hata nyimbo za harusi waliziimba kwa sauti ya chini. (Hili la harusi amelisema Nonna, mimi namwamini nusu. Anapenda kutia chumvi.)

Lakini ngoja nirudi kwa baba mtu, maana hapo ndipo roho yangu ilipokwama. Mwaka 1933 alichukua kadi ya chama.

Ndiyo. Yuleyule. Alikuwa amepata kibarua manispaa, kusafisha mifereji, na ikatangazwa kwamba kazi ya serikali haipatikani bila kadi. Watoto wanne. Akaenda, akapanga foleni, akachukua kadi. Kadi yenyewe watu waliiita kadi ya mkate, na zile herufi za chama, PNF (Chama cha Taifa cha Kifashisti), walizitafsiri kwa kunong'ona kuwa maana yake ni Per Necessità Familiare, "kwa shida za familia". Utani huo wote waliujua, na wote walikuwa na kadi. Unaona mtego ulivyo? Ukishaichukua, huwezi tena kumsema jirani aliyeichukua. Nonna anasema baba yake baada ya mafuta alikuwa bado na hasira, ila baada ya kadi alinyamaza.

Nikamwambia, alikuwa na watoto, angefanya nini? Akasema, ndivyo alivyokuwa akisema mama. Basi tukanyamaza wote wawili.

Wewe kama mwalimu hili litakuchoma: 1931 maprofesa wote wa vyuo vikuu walitakiwa kuapa utii kwa utawala huo. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa ni kama 12 tu. Wasomi wakubwa wa dunia. Sasa msafisha mifereji tumdai nini?

Na kura walipiga, usidhani. 1929 kulikuwa na orodha moja ya majina 400, jibu ndiyo au hapana. Unapewa karatasi mbili, ya ndiyo imepakwa rangi tatu za bendera, ya hapana nyeupe tupu. Hata ukiikunja, aliyekaa karibu na sanduku anajua umetumbukiza ipi. Kura za ndiyo zikapita milioni 8 na nusu. Mimi nawafikiria wale laki moja na elfu thelathini na tano waliosema hapana. Yaani kila mmoja wao alikwenda akatumbukiza nyeupe ile huku anatazamwa!

Nonna mwenyewe alizaliwa 1930, kwa hiyo yeye hakujua nchi nyingine. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi, gwaride la Jumamosi. Nakuambia kwa siri, alizipenda nguo hizo. Anaona aibu kusema, lakini alizipenda, ndizo nguo nzuri pekee alizokuwa nazo. Siku moja darasani mwalimu akawauliza watoto wanafanya nini nyumbani Duce, ndivyo walivyomwita Mussolini, akihutubia redioni. Yeye, miaka minane, akanyoosha mkono: "Baba yangu tumbo humuuma kila Duce akianza kusema, anakwenda chooni mpaka amalize."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na kadi kama wenzake wote, na kuna watu wangefurahi kupelekewa habari hiyo jioni ileile. Akamtazama mtoto, akasema, "Mwambie mama ampikie wali mweupe." Akaendelea na hesabu.

Huyo mwalimu, somo! Sijui hata jina lake, Nonna amelisahau. Nimemfikiria zaidi ya Gramsci.

Halafu akaniagiza nilete kopo la biskuti kabatini, lile la vifungo na risiti. Chini kabisa kulikuwa na pete ya chuma, nyepesi, imeingia kutu kwa ndani. Desemba 1935 wanawake wa Italia waliitwa watoe pete zao za ndoa za dhahabu kusaidia vita vya Uhabeshi, Malkia akatoa ya kwanza, nao wakapewa za chuma. Ndani imeandikwa mwaka wa 14, maana walianza kuhesabu miaka upya tangu 1922, wakawa na kalenda yao kama sisi na Hijra, astaghfirullah. Nikamuuliza, mama yako alikwenda kwa kupenda? Akasema, siku ya pili yake mwanamke asiyekuwa na pete ya chuma alijulikana sokoni. Nikaigeuza mkononi nikamkumbuka babu yako mzee wa Keya, jeshi lile la Mwingereza, na hadithi zake za Uhabeshi 1941, jinsi alivyokuwa akisema mateka wa Kitaliano wanajua kupika. Dhahabu ya mama huyu labda ndiyo iliyonunua... basi, acha. Wahabeshi walinyunyiziwa gesi ya sumu kutoka kwenye ndege. Nonna hilo hakulijua mpaka alipokuwa mtu mzima na watoto wake, shuleni hawakufundishwa.

Nimekuambia desturi ya kila tarehe 25 Julai hapa? Wanapika pasta ya siagi na jibini, wanagawa uwanjani bure. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni harusi, nikapanga foleni. Kumbe ni kwa ajili ya siku Mussolini alipoangushwa 1943, na ndugu wa ukoo wa Cervi wa Campegine, jirani hapa, wakapikia kijiji kizima. Desemba ileile ndugu hao saba wote walipigwa risasi na Mafashisti siku moja. Sasa nimeelewa kwa nini Nonna hula sahani ile kimya, akaifuta kwa mkate.

Kilichonikosesha usingizi bado sijakisema. Aliyeshika faneli alikuwa jirani, ng'ambo ya kichochoro. Vita vilipoisha ukaja msamaha, Juni 1946, umeandikwa na waziri ambaye mwenyewe alikuwa mkomunisti. Jirani akarudi kwake. Kila asubuhi mpaka alipokufa, yeye na baba yake Nonna walisalimiana: habari ya asubuhi, nzuri, mvua itanyesha leo. Miaka karibu thelathini. Nonna alicheza na watoto wake. Mmoja wao ndiye anayetuletea mayai, somo, yule mzee wa baiskeli niliyekutumia picha yake, mwenye mbwa! Jana ameleta mayai nikashindwa kumtazama usoni, na Nonna akamkaribisha kahawa kama kawaida.

Sasa niambie wewe. Mwanafunzi yule bado yuko au alishamaliza? Utamwambia lipi katika haya, na wakuu wa shule watakuachia umwambie? Wewe ungechukua kadi? Mimi nimejiuliza, na kibali changu hiki mkononi, najua jibu na silipendi. Yule mwalimu wa wali mweupe, unafikiri alichukua kadi huku akijua atakuja kumwokoa mtoto mmoja, au ilitokea tu? Na nimpe yule mzee wa mayai salamu gani Jumamosi? Mama Chuma kapona mguu? Shemeji kaacha lile wazo lake la bodaboda? Na kwa nini hukuniambia kwamba Mwajuma kaolewa, mpaka nisikie kwa Rehema?

Chupa nimeificha chumbani kwangu, napaka usiku dirisha wazi na baridi hii. Leo asubuhi Nonna amenusa, akaniuliza kama kweli inakuza nywele. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi paka wewe."

Wako,
Somo

N.B. Dagaa wa nyonyo nimewaosha mara tatu nikawakaanga. Usijaribu.