Waandikeni na akina mama hawa

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikisoma kurasa zako za kimataifa tangu vita vya Gaza vianze. Majina ya majenerali na ya makombora nimeshayakariri. Wanawake nawaona pale tu wanapolia kando ya sanda.

Tarehe 4 Oktoba 2023 wanawake wa Kipalestina wa kundi la amani la Women of the Sun na wenzao wa Kiisraeli wa kundi la Women Wage Peace walikusanyika Jerusalem na ufukweni mwa Bahari ya Chumvi. Walidai viongozi wao warudi kwenye mazungumzo, na wanawake wawemo. Siku tatu baadaye Hamas ikashambulia. Huko Be'eri, kijiji cha Israel karibu na Gaza, aliuawa Vivian Silver, mama wa miaka 74, mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, aliyezoea kuwachukua wagonjwa wa Gaza mpakani kwa gari na kuwafikisha hospitali za Israel. Katika shambulio hilo hilo tulipoteza vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Kisha zamu ya Gaza: makumi ya maelfu wameuawa, wakiwemo wanawake na watoto wengi.

Jirani yangu huniuliza ni amani gani hiyo, ikiwa mmoja ana jeshi na mwenzake anaomba kibali hata cha kwenda kuswali Jerusalem. Ana haki ya kuuliza. Nami sitaki amani ya funika kombe mwanaharamu apite. Wakati wa intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza mwaka 2000, wapo wajawazito wa Kipalestina waliojifungulia kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu askari wa Israel hawakuwapisha. Lakini ni wanawake wa Kiisraeli, wa Machsom Watch, ambao tangu 2001 wamekwenda kusimama kwenye vizuizi hivyo na kuandika wanayoyaona, huku wakitukanwa na watu wao wenyewe. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya haki.

Mwaka 1991 kwenye mkutano wa amani kule Madrid msemaji wa ujumbe wa Wapalestina alikuwa mwanamke, Hanan Ashrawi. Mwaka 2000 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 1325 la kuwashirikisha wanawake katika kutafuta amani. Leo anayetangaza masharti ya kusitisha vita karibu kila mara ni mwanamume.

Naomba gazeti lako liwatafute akina mama hawa, wa pande zote mbili, liwahoji kwa kirefu, na wito wao utafsiriwe kwa Kiswahili tuusome wenyewe.

Msomaji wako,
Tanga