Ziwa letu lilijulikana kabla ya ramani

Mhariri,

Juzi niliwatembeza wajukuu Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja anayezungusha wageni akawaambia kuwa kabla ya Wazungu hakuna aliyejua habari za maziwa ya huku bara. Nimefundisha jiografia hadi nikastaafu. Naomba nafasi nimjibu.

Ramani iliyowaleta wapelelezi Waingereza Burton na Speke ilitolewa London mwaka 1856. Ilitokana na kazi ya wamisionari Erhardt na Rebmann, ambao ziwa lenyewe hawakuwa wameliona. Erhardt alikaa Tanga akiwahoji watu wa misafara. Wa njia ya Kilwa walisema safari yao inakomea kwenye maji makubwa; wa Bagamoyo hivyo hivyo, na wa njia ya kaskazini nao hivyo hivyo. Hakuna aliyedanganya! Aliyekosea ni mchoraji, aliyeyaunganisha maji yote yakawa ziwa moja refu lenye umbo la koa. Nahisi hata majina yalimchanganya, maana nyasa, nyanja na nyanza, yote ni maji makubwa tu.

Novemba 1857 Burton na Speke wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Speke akamkunjulia ramani hiyo mwenyeji wao, Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Mzee akairekebisha papo hapo: Nyasa liko kusini, la Ujiji ni jingine, na kaskazini kuna Ukerewe, tena ndilo kubwa zaidi. Speke alipoliona hilo la kaskazini Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Mto Rusizi nao ni hivyo hivyo. Wenyeji wa Uvira walimwambia Burton mwaka 1858 kwamba unaingia Ziwa Tanganyika, hautoki. Ulaya ubishi haukuisha, hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kujionea Novemba 1871. Miaka 13!

Sibezi vipimo vyao. Kusoma nyota ili kujua mahali ulipo, tena ukiwa na homa, si mchezo, na Speke aliingia Ujiji macho yakimuuma hata ziwa akaliona kama ukungu. Lakini wao walipima; njia walionyeshwa.

Basi vijana wetu, mkiwapeleka wageni Ujiji au kwenye tembe la Kwihara karibu na Tabora, pamoja na Livingstone mtajeni Snay bin Amir, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa kwenye msafara wa Burton na Speke na baadaye akaongozana na Stanley hadi Ujiji.

Mwalimu mstaafu,
Kigoma