Vihisi havifi ovyo, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua nizungumze na walimu, wazazi na vijana wanaoandaa miradi ya elektroniki kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni. Kuna neno moja linatumika kupita kiasi kila mradi unapogoma: "kimekufa." LED, ile taa ndogo ya elektroniki yenye miguu miwili, haiwaki, imekufa. Kihisi cha mwanga hakibadilishi namba, kimekufa. (Nasema kihisi kwa makusudi, neno sensa tumeshawaachia wanaohesabu watu na makazi.) Mzazi anatumwa tena Kariakoo, au Luthuli Avenue kama yuko Nairobi, ananunua kingine, kinafungwa palepale kilipokuwa cha kwanza, nacho "kinakufa." Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Hakuna aliyepima, basi.

Tuanze na LED, maana ndipo kila mtoto anapoanzia. Mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kama miguu imeshakatwa, papasa ukingo wa kichwa chake: upande uliobapa ndio hasi. Ukiigeuza kwenye volti 5 haitawaka, lakini haiungui; igeuze tena yaishe. LED nyekundu inakula volti 2 hivi, nyeupe na bluu zinakula 3 na kidogo. Kwa hiyo chanzo kikiwa volti 5, LED nyekundu inaacha volti 3 ambazo ni mzigo wa rezista, kile kijiti chenye mistari ya rangi kinachobana umeme na kupimwa kwa omu. Ukitaka umeme wa miliampea 15, yaani ampea 0.015, gawanya 3 kwa 0.015, unapata omu 200. Dukani utachukua 220. Kwa betri ya volti 9 hesabu ileile inakupa 467, nawe utachukua 470.

Kuna wanaobisha kwamba rezista si lazima, kwa kuwa waliibana LED kwenye betri ya kidonge, CR2032, ikawaka vizuri. Ni kweli itawaka. Betri ile ina ukinzani mkubwa ndani yake, kwa hiyo yenyewe inafanya kazi ya rezista. Hamishia LED hiyohiyo kwenye betri ya volti 9 bila kitu katikati, itamulika kwa nguvu mara moja, na hapo ndipo neno "imekufa" litakapokuwa mahali pake.

Rezista nazo zina mtego wa rangi. Omu 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Omu 22,000 ni nyekundu, nyekundu, rangi ya machungwa. Kahawia na machungwa kwenye mwili mdogo namna ile, chini ya taa hafifu, zinafanana sana, na ukichukua 22,000 LED inapata sehemu ndogo tu ya miliampea moja: mchana utaapa haiwaki. Ifunike kwa kiganja uone. Ukiona nukta ya mwanga, LED ni nzima na kosa ni la rezista.

Mtego mwingine ni wa kubana matumizi: LED nyekundu na ya bluu zimefungwa sambamba, zikigawana rezista moja. Nyekundu inawaka, bluu imelala. Anayefuata anachomoa ya bluu na kuitupa. Lakini nyekundu ikiwaka inauzuia umeme usipande zaidi ya volti 2 hivi, na ya bluu inahitaji 3 ndipo iamke. Kila LED na rezista yake. Ni vitu vya bei ya pipi.

Sasa ubao wa matundu, ile bredibodi. Matundu matano ya mstari mmoja mfupi yameunganishwa kwa chini. Ukichomeka miguu yote miwili ya LED kwenye mstari mmoja, umeipigia shoti, umeme unapita chini yake bila kuigusa. Hilo walimu wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni njia ndefu za pembeni, zile zenye mstari mwekundu na wa bluu: kwenye baadhi ya mbao ndefu za matundu 830, njia hizo zimekatika katikati. Tazama kama mstari wa rangi una pengo pale kati. Ukiwa na pengo, nusu ya mradi haina umeme mpaka uruke pengo kwa kipande cha waya. Mradi wa "upande wa kushoto unafanya kazi, wa kulia umekufa" dawa yake huwa ni waya huo wa sentimita tatu.

Kihisi cha mwanga, kile kidude cha mviringo chenye mchoro wa nyoka usoni, nataka nikae nacho kidogo, maana taa inayojiwasha usiku ndiyo mradi unaopendwa kuliko yote. Kidude hiki hakitoi volti. Kinabadilisha ukinzani wake tu. Ndiyo sababu kinahitaji mwenzake, rezista ya omu 10,000. Upande mmoja wa kihisi unakwenda volti 5, upande wa pili unakwenda pini A0 ya Arduino, ile bodi ndogo inayoendesha programu, na kutoka hapohapo A0 rezista inashuka hasi. Ukisahau rezista, Arduino Uno itakusomea 1023, namba yake ya juu kabisa, au karibu na hapo, ukifunike kihisi usikifunike. Namba zikirukaruka kama kitenesi bila mpangilio wowote, basi waya wa A0 hauko mahali pake, pini inaelea hewani.

Sasa tuseme umefunga sawasawa, namba inashuka giza likiingia, na programu inasema: ikiwa chini ya 300, washa taa. Jioni inaingia, taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, inatetemeka kama inaogopa giza. Hapa ndipo vihisi vingi vizima vinapotupwa. Kumbe kihisi kinaiona taa yake yenyewe! Giza linaingia, taa inawaka, mwanga wa taa unaangukia kihisi, kihisi kinasema kumekucha, taa inazima, giza linarudi. Kwanza kikinge: kivishe kipande cha mrija wa soda kilichozungushiwa tepu nyeusi, kielekee juu angani, taa ibaki nyuma yake. Kisha tenganisha namba za programu: iwake chini ya 300, izime juu ya 400, na katikati ibaki ilivyo. Ukitenganisha namba bila kukinga, taa yenye nguvu italiruka pengo hilo na kucheza vilevile.

Kihisi cha mwendo, HC-SR501, chenye kofia nyeupe ya plastiki, kina tabia ya kushtaki watu wasiokuwepo. Ukikiwasha kipe dakika moja kizoee chumba. Ndani ya dakika hiyo kinaweza kutoa ishara za uongo. Kina skrubu mbili za kuzungusha, moja ya umbali, nyingine ya muda wa kubaki kimewaka, na hiyo ya muda ikizungushwa mpaka mwisho, taa hubaki ikiwaka dakika kadhaa. Mtu anapita, taa inawaka na haizimi, anaondoa kihisi. Kikiwekwa nyuma ya kioo cha dirisha hakioni mtu. Na kwa kuwa kinatafuta tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, mchana wa Februari pwani, chumba kikikaribia joto la mwili, uwezo wake unapungua. Kijaribu alfajiri kabla ya kukihukumu.

Cha kupima umbali, HC-SR04, chenye macho mawili, kinapima kwa mwangwi wa sauti. Kikirudisha sifuri daima, badilishanisha waya za Trig, ya kuamuru sauti itoke, na Echo, ya kuleta jibu. Mara nyingi zimepishana. Kinataka volti 5. Kisielekezwe kwenye pazia au sweta, kitambaa kinameza sauti, wala kwenye ukuta ulioinama. Chini ya sentimita 2 hakioni. Anayetumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino aongeze jambo moja: bodi hiyo ni ya volti 3.3, na Echo inatoa 5, kwa hiyo weka omu 1,000 kutoka Echo na omu 2,000 kushuka hasi, na pini ichukue katikati. Usipofanya hivyo, kitakachokufa kweli ni bodi.

Cha joto na unyevu, DHT11 ya bluu, kinakasirika kikiulizwa zaidi ya mara moja kwa sekunde. DHT22 nyeupe inataka sekunde mbili. Ukitaja aina isiyo yake kwenye programu, majibu yatakuwa ya ajabu au hayapo.

Vihisi vya unyevu wa udongo vyenye meno mawili, hivyo nakiri huwa vinakufa, lakini tunaviua wenyewe. Umeme ukipita kwenye meno usiku na mchana, maji ya udongo yanayala. Chukua umeme wa kihisi kutoka pini ya kawaida ya Arduino, iwashe, soma, izime, urudie baada ya nusu saa.

Halafu kuna hasi. Mtu ana Arduino kwenye kompyuta na mota ndogo kwenye betri yake, kila kitu kimefungwa, na mota haisikii. Hasi ya betri haijaunganishwa na GND, yaani hasi ya bodi, na bila hiyo ishara haina njia ya kurudi. Kinyume chake ni mota ya servo inayonyonya umeme wa bodi mpaka bodi inazima na kuanza upya kila ikizunguka. Hiyo ipewe chanzo chake, hasi zikibaki pamoja. Na betri ndogo ya volti 9 si chanzo cha mota, hata ikiwa mpya.

Kompyuta isipoiona bodi, badilisha kebo ya USB kabla ya jingine lolote. Kebo nyingi za chaja hazina waya za data.

Ombi langu kwa shule ni hili: kabla ya kununua bodi ya pili, nunueni mita ya kupimia volti na omu (multimeter), hata ile ya njano ya bei ya chini. Mtoto afundishwe kupima kwa mpangilio: betri kwanza, tena ikiwa na mzigo, kisha volti kwenye miguu ya kihisi chenyewe, si kwenye bodi, kisha hasi kwa mlio (mita inalia njia ikiwa imeunganika), programu iwe ya mwisho kulaumiwa. Na waya mwekundu wa mita usiachwe kwenye tundu la 10A wakati wa kupima volti, ni shoti ya moja kwa moja. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usiingie kabisa kwenye miradi hii. Rilei, ile swichi inayowashwa na bodi, ionyeshwe kwa taa ya volti 12, waamuzi wataelewa.

Kwako, Mhariri: mnapochapisha picha za miradi ya wanafunzi, nafasi ya sentimita mbili chini ya picha inatosha kuandika thamani za rezista na pini zilizotumika. Msomaji wa Kigoma au Lamu anayetaka kuiga mradi huo hawezi kusoma rangi za rezista kwenye karatasi ya gazeti.

Wako,
Fundi wa elektroniki,
Temeke, Dar es Salaam