YAH: Malalamiko Kuhusu Kuharibiwa kwa Mchoro wa Birika Katika Lebo za Chai

Mwanjelwa,
Mbeya.

Meneja Uzalishaji,
Kampuni ya Uchapaji,
Iringa.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliwakabidhi faili la PDF/X-4, yaani PDF ya viwango vya uchapaji, lenye lebo ya pakiti za chai ya Rungwe, ambayo katikati yake kuna birika la alumini nililolichora kwa vekta, yaani mistari na maumbo yasiyopoteza ukali yakikuzwa, katika programu ya Adobe Illustrator. Lebo mlizoniletea zinaonyesha birika linalofanana na plastiki, na mteja wangu amezikataa.

Alumini haichorwi kwa kupaka kijivu tu. Jicho hulitambua birika kuwa la chuma kwa sababu mkanda wa mwanga mkali hukaa bega kwa bega na mkanda wa giza, na kwa sababu taswira ya mkono mweusi wa birika lenyewe huonekana tumboni mwake ikiwa imepinda kufuata umbo. Tumbo hilo nililijenga kwa wavu wa rangi, yaani gridi ya nukta (nodi) ambazo kila moja hubeba rangi yake, nodi baada ya nodi, na mibonyeo midogo karibu na kitako niliiweka makusudi, maana birika lisilobonyea popote bado liko dukani.

Katika lebo zenu mikanda hiyo imeyeyuka ikawa ukungu wa kijivu unaoelekea kijani, na mahali palipokuwa na kivuli laini pamejitokeza kisanduku cheupe. Hata maandishi ya uzito, gramu 250, ambayo nilikuwa nimeyageuza kuwa maumbo ya vekta, yana kingo zenye vijino. Jambo hilo haliwezi kutokea isipokuwa ukurasa mzima uwe umegeuzwa picha ya pikseli chache kabla ya kufika mashineni. Fundi wenu alinithibitishia kwa simu kwamba, kwa kuwa faili lilikuwa zito, alilifungua katika programu ya zamani akalitoa kama JPEG. PDF imeweza kuhifadhi uwazi wa rangi, yaani rangi inayoonyesha kilicho chini yake kama kivuli kile, tangu toleo la 1.4 la mwaka 2001, kwa hiyo kivuli changu hakikuwa kitu kigeni kwa mtambo wa leo, na kama faili liliwashinda mlipaswa kuniuliza. Kama ningetaka picha, ningelipiga picha birika la jirani nikapumzika.

Nakala ya majaribio, ambayo imetajwa katika ankara yenu na ambayo ingefichua kasoro hizi mapema, sikuwahi kuonyeshwa.

Naomba mchape lebo zote upya kwa gharama zenu, kutoka katika faili halisi bila kuligeuza, baada ya mimi kusaini nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ileile. La sivyo, mnirejeshee fedha zote. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani. Naambatanisha lebo tatu zilizoharibika, nakala ya ankara na faili la awali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mbunifu wa vifungashio