Mwalimu wetu wa uhasibu aandikiwe kosa lake

Mheshimiwa Mhariri,

Habari za mwalimu wa uhasibu aliyesimamishwa kazi katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi zimeenea mjini kote, na wengi wanazisema kwa kusikia tu. Mimi nilisoma kwake. Leo ninashika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi, komini ya Kenya hapa mjini, na mkate wangu unatokana na yale aliyonifundisha.

Alianza kama asistanti, akapanda hadi CT (chef de travaux), cheo kilicho chini ya profesa. Kutoka hapo hakuna kuwa profesa bila udaktari, na udaktari unataka pesa. Nchi yetu ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, ule mpango wa hesabu wa 1976 tuliouzoea ukawa umepitwa. Yeye alikaa chini akajifunza upya, akaandika upya masomo yake yote. Silabusi yake, yaani kitabu cha masomo yake, hakumlazimisha mtu kuinunua. Asiye na pesa alinakili kwa mkono. Alikuwa akituletea fakturi ya saruji kutoka sokoni, tunaigawa katika akaunti za hesabu kwa namba zake: bei akaunti 601, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) 445, pesa iliyotoka 57. Aliyeandika bila kutaja namba ya fakturi alipata sifuri, hata kama jumla ilikuwa sawa. Tulimlaumu sana kwa hilo!

Kwa maelezo yake, aliuliza katika mkutano wa walimu ziko wapi bordero, yaani karatasi za malipo, za ada zilizolipwa na wanafunzi. Baadaye akasimamishwa kwa tuhuma ya kuuza pointi. Malalamiko yenyewe hajaonyeshwa: hakuna karatasi, hakuna jina la aliyelalamika, hakuna tarehe.

Kama aliuza pointi, afukuzwe. Mtoto wa mama anayeuza unga atazitoa wapi pesa hizo? Lakini sheria ya OHADA inamtaka hata mwenye duka awe na hati yenye tarehe kwa kila anachoandika, na azitunze hati hizo miaka 10. Mkaguzi akija dukani kwetu, nazitoa siku hiyohiyo. Chuo kinachofundisha kazi hii kinashindwaje?

Naomba wakuu wa chuo wamwandikie kosa lake, wamsikilize mbele ya baraza la nidhamu, na bordero ziletwe mezani hapo hapo. Na wafanye haraka, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawawezi kupata matokeo yao bila pointi za somo lake.

Msomaji wenu,
Lubumbashi