Barua kwa mdogo wangu anayekuja Halifax

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Juzi kwenye simu uliniuliza kama huku Halifax, Kanada, kuna watu weusi wengine mbali na sisi wageni, nikakujibu tu kwamba wapo. Jibu hilo lilikuwa fupi mno kwa jambo zito namna hii.

Bandari hii ilikuwa na wenyewe kabla Waingereza hawajajenga mji wao mwaka 1749. Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa hapa, waliiita, na hadi leo wanaiita, Kjipuktuk, yaani bandari kuu, na nilipolisikia jina hilo niliikumbuka Kilindini yetu, ambako nako ni maji yaliyopapa mahali jina.

Watu weusi waliounga mkono Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani waliletwa Nova Scotia, jimbo hili la Halifax, kwa wingi mwaka 1783, wakiwa wameahidiwa ardhi. Wengi walipewa ardhi ya mawe au hawakupewa kitu, na mwaka 1792 watu wapatao 1,200 walipanda meli papa hapa Halifax kwenda Sierra Leone, wakauanzisha mji wa Freetown. Waliobaki, pamoja na wakimbizi waliokuja wakati wa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, ndio mababu wa wengi utakaowakuta.

Ninachotaka hasa ukijue ni Africville. Kijiji hicho kilikuwa pembeni mwa mji, ufukweni mwa ghuba ya Bedford Basin, ambako familia za watu weusi zilinunua viwanja katika miaka ya 1840 na kuanzisha kanisa lao mwaka 1849. Walilipa kodi kama wenzao, lakini hawakupata maji ya bomba wala mfereji wa maji taka. Walichopata ni reli iliyokata katikati ya makazi yao, gereza, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na katika miaka ya 1950 jaa la taka la mji mzima. Kisha mji uleule uliowanyima maji ukasema mahali pale ni pachafu, hapafai kukaliwa na binadamu.

Katika miaka ya 1960 watu wapatao 400 walihamishwa. Ndugu yangu, vyombo vya baadhi yao vilibebwa na magari ya taka! Kanisa lilibomolewa usiku, mwaka 1967, na wasiokuwa na hati walipewa dola 500. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa uchungu wa kuulizwa karatasi ya ardhi uliyoachiwa na babu.

Meya aliomba radhi mwaka 2010, na sasa pamejengwa jengo linalofanana na kanisa lile, ambalo ni makumbusho. Nilikwenda kiangazi kilichopita. Daraja kubwa linapita karibu, treni za mizigo zinanguruma, na ukisimama mlangoni unaona maji yaleyale waliyoyaona wao. Kila mwaka wenyewe na wajukuu wao hurudi, wakapiga mahema na kupika pamoja penye viwanja vya wazee wao.

Ukifika, Pier 21 tutakwenda, gati la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya uhamiaji, nayo ina mengi, maana wahamiaji karibu milioni moja walishukia pale kati ya 1928 na 1971. Lakini siku ya kwanza nitakupeleka Africville. Uje na koti zito, kwa kuwa upepo wa pale ufukweni ni mkali hata mwezi wa Juni.

Ni mimi dada yako.